Taa Isiyo na Omena

Jioni ya kwanza nilipoingia ziwani na taa, nilizungushiwa wavu.

Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa nimekaa ndani ya kayaki ya plastiki ya rangi ya chungwa, miguu imenyooka mbele, kasia limelala mapajani, na taa nyeupe ikiwaka juu ya kijiti nilichokifunga nyuma ya kiti. Pembeni alikuwepo rafiki yangu, muuguzi, katika kayaki ya manjano, naye ana taa yake. Ilikuwa saa moja na nusu jioni na maji yalikuwa yametulia. Tuliacha kupiga makasia ili tuutazame mji wa Kisumu ukiwasha taa: za Milimani, mtaa wa matajiri, chache, zimejificha nyuma ya miti, za Manyatta nyingi, zimebanana. Nilikuwa nikimweleza muuguzi kwamba giza si jambo la kuogopwa bali ni tatizo lenye jibu. Ukionekana na ukisikika, umelimaliza. Hapo ndipo boya dogo jeupe lilipopita mbele ya pua ya kayaki yangu, likafuatwa na jingine, kisha mstari mzima ukajikunja nyuma yetu.

"Vuteni," mwanamume alisema kwa Kijaluo, karibu sana nasi.

Wakavuta. Wavu ulikamata pezi la chini ya kayaki yangu, nikalala upande, maji yakaingia hadi kiunoni. Muuguzi alipiga ukelele. Mimi nilifanya nilivyosoma: niliishika filimbi iliyofungwa kwenye jaketi langu la kuokolea, nikapuliza mara tatu kwa nguvu zangu zote.

Nilitarajia watu wauache wavu na kuuliza kuna nini. Badala yake ziwa lilizimika. Boti iliyokuwa imetuzungushia wavu ilizima tochi yake. Boti ya jirani ikafunika taa yake kwa gunia, na ya tatu ikafuata. Mstari wote wa taa za wavuvi, ambao dakika moja kabla ulikuwa kama barabara ya mjini, ukapotea kuanzia upande wetu hadi kule mwisho. Nilisikia makasia yakikimbia kila upande. Tukabaki sisi wawili, taa zetu mbili, na wavu uliotelekezwa ukiwa umechanika kwenye pezi la kayaki.

Kwa asiyelijua ziwa letu, omena ni dagaa wadogo wanaovuliwa penye giza, wakati hakuna mwezi. Wavuvi huweka taa ya sola juu ya kibao kinachoelea, wakaifunga kwa kamba ndefu, wakangoja omena wajae chini ya mwanga. Kisha huizungushia wavu. Jioni ile kamba ya boti moja ilikuwa imekatika, na taa zake mbili zikachukuliwa na maji. Nahodha wake alipotazama akaona taa mbili nyeupe, zimetulia, ziko chini karibu na maji. Ziwani kwetu taa ya namna hiyo ina maana moja tu. Hakuwa na sababu ya kudhani kuna watu wawili wameketi chini yake wakizungumzia fizikia.

Lakini hilo lilieleza wavu tu. Halikueleza kwa nini filimbi, ambayo kila mwongozo niliousoma ulisema ni sauti ya kuomba msaada, iliwafukuza wote waliokuwa na uwezo wa kunisaidia.

Lazima niseme jioni zilikuwa na maana gani kwangu. Baada ya chuo nilirudi nyumbani Manyatta na shahada ya fizikia, na barua za kuomba kazi ambazo hazikujibiwa. Nilikuwa nikifundisha hesabu watoto wa majirani, na saa zilizobaki nilikuwa nikibishana na redio. Kisha hoteli moja ya ufuoni ilifungwa, mlinzi wake akatuambia mimi na muuguzi kuna kayaki zimetupwa nyuma ya jiko. Tuliziziba nyufa kwa plastiki ya kuyeyusha, tukaanzisha kikundi cha kujifunza kuziendesha. Wanachama walikuwa watu wa kazi: muuguzi, fundi cherehani wa mtaa wa Obunga, wengine wachache. Mchana wako kazini. Alasiri upepo wa ziwa unapiga mawimbi ambayo mwanafunzi hayawezi. Upepo hutulia jua likishazama, na hapo ndipo watu wangu wanapokuwa huru. Bila jioni hakuna kikundi, na bila kikundi mimi ningerudi kwa redio.

Kesho yake asubuhi niliitwa na kamati ya ufuo. Mwenyekiti ni mama mwenye boti mbili za omena, mwili mkubwa na sauti ndogo. Akitaka watu wamsikilize vizuri, huishusha zaidi. Alikuwa amekaa juu ya kreti chini ya banda la kupimia samaki, wavu uliochanika uko miguuni pake, nahodha wake, yule aliyetuzungushia wavu, amesimama nyuma akinitazama kama mtu aliyemkanyagia mtoto.

"Nyar Manyatta," aliniambia, yaani binti wa Manyatta, "hiyo taa yako iko na omena?"

Nikamwambia haina, Mama.

"Basi inafanya nini kwa maji yangu?"

Nilianza kueleza kuhusu kuonekana. Nilieleza mwongozo unavyosema: chombo kisicho na injini kiwe na taa nyeupe inayoonekana pande zote, na kila mtu awe na filimbi. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza huyo aliyeandika mwongozo amewahi kuvua omena. Wanaume waliokuwa pembeni walicheka, nami nikaona swali ni zuri kuliko nilivyopenda. Sheria ile imetungwa kwa maji ambayo wote waliomo wameisoma. Ziwani kwetu nilikuwa peke yangu niliyeisoma.

Manahodha walitaka kayaki ziondolewe ufuoni siku ile ile. Mwenyekiti hakuwakubalia wala hakuwakataa. Aliamua kwamba kwanza nitaushona wavu kwa mikono yangu, nikae na nahodha wake hadi uishe. Halafu giza la mwezi ujao, boti zote zikiwa kazini, nitatoka na watu wangu jioni moja, yeye akiangalia. "Nahodha mmoja akilalamika, au taa moja ya boti ikizimwa kwa sababu yenu, mnabeba hizo beseni zenu mkaogelee nazo Milimani."

Nikakubali.

Kushona wavu wa omena ni kazi ya kuumiza macho. Matundu ni madogo, uzi ni mwembamba, na ukikosea fundo moja unagundua baadaye sana kwamba mstari wote umepinda. Nahodha alikuwa mtu wa makamo, mwepesi wa vidole na mzito wa maneno. Aliniita Profesa, na hakuwa akinisifu. Siku ya kwanza hakuniambia chochote isipokuwa fungua, rudia. Siku ya pili nilimuuliza kuhusu filimbi.

Alijibu walivyonijibu wengine wote pale ufuoni: usiku ziwani hakuna kupiga mluzi wala filimbi, inaita upepo. Nilishona mafundo kadhaa nikilifikiria jibu hilo. Halikunikasirisha kwa kuwa ni la kale. Lilinikasirisha kwa kuwa halikulingana na nilichokiona.

"Nahodha," nikasema, "kama filimbi inaita upepo, kwa nini mlizima taa? Upepo unafuata taa?"

Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainua kipande cha wavu nilichokuwa nimekishona na kukiweka mbele ya macho yangu.

"Profesa, hebu ingiza kidole."

Nikajaribu. Kidole changu kidogo hakikuingia.

"Hata njiti ya kiberiti haiingii," akasema. "Sasa fikiria nani anatembea ziwani usiku na filimbi."

Nilifikiria, na sikuhitaji muda mrefu. Boti ya doria ya serikali. Doria huja bila taa, na inapokuwa karibu hupuliza filimbi ili boti zisimame zikaguliwe nyavu. Kwa hiyo wavuvi wote wa upande ule, wenye nyavu halali na wasio nazo, walikuwa wamejifunza kwa miaka mingi kwamba filimbi gizani inamaanisha zima na ukimbie. Upepo ulikuwa jibu la kuwapa wageni. Na mimi nilikuwa nimetumia siku mbili kushona kwa bidii wavu wenye matundu madogo kuliko sheria inavyoruhusu, ambao haukutakiwa hata kuwepo. Nilipomwambia hivyo, nahodha alicheka hadi akaiangusha sindano. Akasema sasa mimi ni mshirika, nisijifanye malaika. Ila aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba wavu mpya ulikuwa umeshaagizwa, Mwenyekiti amechoka na kukimbizwa.

Kuanzia hapo tulizungumza kama watu wenye kazi moja. Nilimuuliza kila kitu na kila jibu nilimuuliza tena kwa njia nyingine, mpaka akasema kama ningekuwa mke wake angehamia kisiwani. Niliandika majibu kwenye daftari. Taa nyeupe isiyocheza ni taa ya omena. Kwa hiyo mtu anayetembea aifunike na kuifunua taa yake, ili ionekane ina mkono nyuma yake. Sauti ya wavuvi kwa wavuvi ni kugonga: mpini wa kasia kwenye ubavu wa boti, mara mbili, maana yake niko hapa. Anayesikia anajibu mara mbili. Viboko nao hawapendi kelele hiyo, basi ni faida juu ya faida. Na tochi usimmulike mtu usoni, mulika kasia lako mwenyewe, wataona mtu anayepiga kasia.

Nilimuuliza pia kuhusu boti za injini zinazobeba abiria na mizigo kuvuka ghuba. Alisema hao hawasikii kitu isipokuwa injini yao, ugonge usigonge. Kitu kimoja tu wanakiogopa: kamba ya taa ya omena kujizungusha kwenye propela. Wakiona taa ya omena wanaikwepa mbali. Niliandika hilo pia, ingawa sikuona litanifaa nini, maana kazi yangu yote sasa ilikuwa kutofanana na taa ya omena.

Nilirudi kwa kikundi na mipango. Kugonga kayaki ya plastiki hutoa sauti ya mtu anayejipiga paja, kwa hiyo kila mmoja alifunga mbele yake mtungi mtupu wa lita tano, wa kugongwa na mpini wa kasia. Juu ya kila taa tuliweka mkebe wa siagi uliogeuzwa, wenye uzi: ukivuta mkebe unainuka na taa inaonekana, ukiachia unaifunika. Tulifanya mazoezi machweo baada ya machweo karibu na ufuo, tukigonga na kukonyeza kwa taa, huku akina mama wanaoanika omena wakituuliza kama tumefungua kanisa jipya.

Jambo moja sikulibadilisha. Filimbi niliziacha kwenye majaketi. Niliwaambia watu wangu wasizitumie, lakini sikuzitoa. Niliyekuwa nikidai kuhoji kila kitu nilikuwa bado naogopa kuuvunja mwongozo moja kwa moja.

Jioni ya jaribio tulitoka watatu: mimi mbele, fundi cherehani katikati, muuguzi nyuma. Mwezi haukuwepo. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuingia kwenye boti ya nahodha, ameketi juu ya kreti ile ile, amejifunika shuka, na tulipopita karibu nilimsikia akiwauliza vijana wake kama hizo beseni zina choo. Nikagonga mara mbili. Nahodha akajibu mara mbili. Boti ya pili ikajibu, na ya tatu. Taa zao zilibaki zinawaka, moja baada ya nyingine, na sisi tulipita kando yake tukifunika na kufunua, na hakuna aliyetuzungushia kitu. Sijawahi kujisikia mwerevu namna ile. Nakumbuka nilimwambia fundi cherehani kwamba tatizo limekwisha.

Tulikuwa tumeupita mstari wa taa, upande wa ziwa lililo wazi, nikiwa najiandaa kugeuza, niliposikia injini.

Ilikuwa ni boti ya abiria inayorudi kwa kuchelewa kutoka ng'ambo ya ghuba. Haikuwa na taa. Niliitambua kwa sauti, kisha kwa weusi mzito zaidi uliokuwa ukikua juu ya maji. Niliwaambia wenzangu wakonyeze, wote kwa pamoja, ili dereva wake atuone. Tukavuta nyuzi: taa, giza, taa, giza. Sauti ya injini ikabadilika. Pua ya boti, niliyokuwa nimekadiria itapita mbali upande wa kulia, ikageuka ikaja kwetu.

Nikawaambia wakonyeze kwa kasi zaidi. Injini ikanyooka zaidi kutufuata.

"Anadhani tunamwita," alisema fundi cherehani. Wakwe zake wako ng'ambo na hupanda boti hizo kila mwezi. "Hivyo ndivyo tunavyosimamisha boti. Unamulika, unazima, anakuja."

Alisema kwa utulivu wa mtu anayeeleza kituo kiko wapi. Nilipogeuka kutazama nyuma nilimwona muuguzi ameachia uzi wa taa na mkono wake uko kifuani, filimbi iko mdomoni.

Nilijua kitakachofuata kana kwamba kimeandikwa. Angepuliza, nahodha angefunika taa, mstari wote ungezimika, boti kadhaa zingetimka gizani bila kuona, na boti ya abiria ingeingia katikati yao. Isingekuwa tu kwamba kayaki zetu zimefukuzwa ufuoni. Mtu angekufa, na pengine asingekuwa mmoja.

"Usipulize," nikamwambia. "Dada yangu, toa hiyo kitu mdomoni. Ukipuliza zote zitazima."

Akaitoa. Mpaka leo sijui alipata wapi imani hiyo, maana mimi mwenyewe sikuwa na jibu bado. Nilikuwa na daftari. Kichwani mwangu nililifungua pale penye mstari niliouona hauna faida: wakiona taa ya omena wanaikwepa. Ushahidi wa mtu mmoja, mwenye wavu haramu, uliotolewa kati ya fundo na fundo. Chuoni ningetupiwa karatasi yangu kwa ushahidi wa namna hiyo. Ila boti ilikuwa inakuja, na kujaribu kukimbia kwa makasia mbele ya injini ni kujidanganya.

"Ng'oeni mikebe," nikasema. "Taa ziwake tu. Mstari mmoja, kama za nahodha. Kaeni kimya, msitikise hata kasia."

Taa tatu nyeupe zikawaka na kutulia juu ya maji. Tulikaa chini yake tukifanya jambo ambalo lilikuwa limenitia katika wavu: kutojulikana kama watu. Mimi peke yangu nilisogeza mkono, nikagonga mtungi mara mbili, ili wavuvi wajue kwamba taa hizi mpya ni sisi na si mali ya mtu. Nyuma yetu nahodha alijibu. Kisha nikasikia kreti ikikwaruza sakafu ya boti yake, na sauti ndogo ya Mwenyekiti ikisema neno ambalo sikulielewa.

Injini ilikuja bila kubadilika kwa muda ambao nilikuwa na nafasi ya kujutia maisha yangu yote ya kusoma. Kisha ikakohoa, ikapungua, na ule weusi ukapinda kushoto. Boti ikatupita kwa umbali wa kutosha, mawimbi yake yakatuinua na kututua, na abiria mmoja, mwanamke, alitupigia kelele gizani kwamba sisi watu wa omena tumejaza ziwa, watu waliochoka watapita wapi.

Fundi cherehani alianza kucheka kwanza. Muuguzi akafuata, akicheka na kulia. Tulikuwa tumetukanwa kwa kazi tusiyoifanya, na sidhani kama nimewahi kupokea sifa kubwa kuliko hiyo.

Niligeuka kuzihesabu taa za wavuvi. Hakuna iliyokuwa imezimwa.

Tulirudi polepole hadi karibu na boti ya nahodha. Mwenyekiti alikuwa amesimama, jambo ambalo vijana wake waliniambia baadaye halijawahi kutokea ndani ya boti ile. Hakunipongeza. Aliuliza kama kila mtu wangu ni mzima, nikamwambia ni mzima. Hapo nahodha akakohoa.

"Mwenyekiti, mimi niko na malalamiko."

Sharti lilikuwa wazi: nahodha mmoja akilalamika.

"Sema," Mwenyekiti akasema.

"Omena zangu zimehamia kwao."

Tukatazama chini. Ilikuwa kweli. Chini ya taa zetu maji yalikuwa yamejaa vitu vidogo vya fedha, vinageuka vyote kwa pamoja. Tulikuwa tumesahau kurudisha mikebe. Tulikuwa tumewasha taa tatu nzuri katika giza la mwezi, na omena hawakuwa wamesoma makubaliano yetu.

Mwenyekiti aliinama kuwaangalia omena. Aliishusha sauti yake mpaka ikabidi nizuie pumzi ili nimsikie.

"Hayo si malalamiko. Hiyo ni kazi. Nyar Manyatta, kaa hapo hapo usitingishike. Wewe, zungusha wavu."

Kwa hiyo nilizungushiwa wavu mara ya pili, safari hii kwa hiari yangu. Maboya yale meupe yalipita mbele ya pua ya kayaki yangu kama siku ile. Kabla hawajavuta, nahodha aligonga mara mbili, nasi tukainua mapezi kwa kamba tulizoyafunga baada ya jioni ile ya kwanza, tukateleza juu ya maboya na kutoka mmoja mmoja bila kuchana hata fundo. Niliangalia kwa makini upande nilioushona mimi. Ulishika.

Ufuoni ilikuwa bado haijagonga saa tatu. Mwenyekiti alisema jioni ni zetu, giza la mwezi na mwanga wa mwezi, mradi tugonge tunapotoka na tugonge tunaporudi. Kisha akanyoosha kiganja na kutaka filimbi zote. Muuguzi alitoa yake kama mtu anayetua mzigo. Fundi cherehani akatoa. Mimi nikabaki nimeishika yangu.

Nilimwambia sikubaliani. Mtungi unagongwa na mtu aliyekaa kwenye kayaki. Mtu aliyepinduka, kayaki imemkimbia, yuko majini na kichwa tu kiko nje, atagonga nini? Atapiga kelele, na kelele haziendi mbali juu ya maji. Huyo ni filimbi tu itakayomwokoa. Nahodha akasema huyo ndiye atakayezimiwa taa na watu wote. Nikamwambia ndiyo maana tunahitaji kukubaliana, si kukusanya filimbi. Tulibishana mpaka akina mama wa omena wakaacha kupakia wakaja kusikiliza. Mwishowe Mwenyekiti aliuliza doria hupuliza vipi. Nahodha akaonyesha kwa mdomo: mafupi mafupi, ya haraka.

"Basi yenu itakuwa moja, ndefu, mpaka pumzi iishe," akasema. "Na utawafundisha manahodha mchana, wote, wakiwa wameshiba."

Jumamosi iliyofuata aliwakusanya manahodha wote chini ya banda, adhuhuri, jua limewaka, taa za sola zimepangwa juu ya bati zikichaji. Wengine walikuja kwa ajili ya chai. Nilieleza kwa maneno machache, nikaweka filimbi mdomoni, nikapuliza moja, ndefu, hadi kifua kikauma.

Nahodha wangu alikuwa amekaa karibu na bati. Kabla sijamaliza, mkono wake uliruka wenyewe ukaifunika taa iliyokuwa karibu naye kwa kofia yake. Mchana kweupe. Watu walivunjika mbavu, na mmoja akamwambia omera, yaani ndugu, doria imekukuta bandani. Yeye mwenyewe aliutazama mkono wake kama si wake.

"Rudia, Profesa," akasema.

Nilivuta pumzi, nikapuliza tena. Mkono ulitetemeka ukabaki gotini. Kofia ilibaki juu ya taa, na baada ya muda akaichukua taratibu akaivaa, akageuka kutazama upande wa maji, kule ambako sauti ingekuwa imetokea.

"Hapo nimesikia mtu," akasema. "Tena."